Neno la Kumwachia Mwenzio

Jina lake nalijua, ila sitalitaja, na sababu ataisema mwenyewe huko mbele. Sisi wanawake wa Kilangala tulimwita Nesi, basi, kana kwamba duniani hapakuwa na nesi mwingine. Walikuja wengine baada yake, wenye vyeti vizuri na sauti za upole, na hao tuliwaita kwa majina yao. Yeye alibaki Nesi hata baada ya kustaafu, na ndivyo alivyo mpaka leo ninapoandika.

Alikuwa mfupi, mnene wa miguu, na alitembea kama mtu anayewahi foleni. Alivaa raba nyeupe za wanafunzi, na kila Jumatatu asubuhi alizipaka chaki. Mfuko wa kushoto wa gauni lake la kazi ulikuwa na rozari, wa kulia ulikuwa na mkasi na kipande cha mhogo mkavu, maana hakuwa na saa maalumu ya kula. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Alitoka kule milimani, Kilwa ya ndani, Mmatumbi na Mkatoliki, akatukuta sisi Wamwera na Wamachinga, Waislamu karibu kijiji kizima, na sikumbuki hata siku moja jambo hilo kuleta maneno. Mwanamke akianza kusukuma, Nesi ndiye alikuwa wa kwanza kusema Bismillahi. Mwezi wa Ramadhani hakula mbele ya mtu. Alijifungia kwenye stoo ya dawa na mhogo wake, na sote tuliokaa kwenye benchi la kliniki tulimsikia akitafuna.

Mkali alikuwa, wala siwapaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukichelewa kuanza kliniki alikupokea mlangoni: "Tumbo hilo umetembea nalo miezi saba, leo ndiyo umeliona?" Wakwe waliokuja na vikopo vya dawa za mizizi ndani ya kanga aliwanusa kabla hawajakaa. Aliwaamkia vizuri, magoti yakipinda kidogo, "Shikamoo, bibi," na bibi akishaitikia marahaba, Nesi aliongeza kwa heshima ile ile, "Hicho kikopo kitakusubiri nje."

Kwa wanaume alikuwa na sheria moja. Mume aliyekuja kuuliza habari za mkewe hakujibiwa mpaka alete maji ndoo mbili kutoka kisimani, na kisima kilikuwa bondeni. "Mwenzio yuko kazini," alimwambia, "na wewe fanya kazi." Mzee mmoja, mjumbe wa mtaa, alikataa, akasema yeye ni kiongozi. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri bila kujua kuwa amekwisha kupata mapacha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mtoto akishafungwa kwenye kanga, na mama akishakunywa uji wa mtama, Nesi alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda. Hapo sauti yake ilishuka. Aliuliza, "Haya, unamwachia neno gani mwenzio?" Mwenzio ni yule atakayelala pale baada yako, ambaye humjui, labda yuko shambani muda huo anaokota korosho na wala hajui kama ni wiki hii au ijayo. Wewe umetoka salama, na ulipokuwa katikati ya uchungu kuna kitu kilikusaidia. Kitu hicho ulikitamka, Nesi akakiweka kichwani, akaja kumpa mwingine siku yake ikifika. Hakuandika popote. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kiasi kwamba hata kadi za watoto wetu tulizisoma kwa kubahatisha.

Methali hakuzikubali. Ukutani pale zahanati palikuwa na bango zuri lililoletwa kutoka mjini, jua linachomoza na maneno ya kutia moyo kwa herufi za dhahabu. Nesi aliligeuza, akaandika nyuma yake zamu za usafi. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Aliyeandika haya alikuwa amekaa kwenye kiti." Basi mwanamke mmoja, naye ni jirani wa mama yangu, alipoulizwa neno lake alijibu kama mtoto anayejibu darasani kwamba subira yavuta heri. Nesi akamwambia, "Hilo nilikuja nalo kutoka kwetu. Nipe la kwako." Yule mama akafikiri, akaona aibu, akasema, "Mimi nilikuwa nahesabu mabati tu."

Nesi akamwambia hilo ndilo.

Chumba cha kujifungulia hakikuwa na dari. Ukilala chali unaona mabati kumi na manne, na la kumi na nne lilikuwa na tundu la msumari linalopitisha jua. Tangu siku hiyo kila mwanamke aliyelala pale aliambiwa, "Aliyekutangulia alihesabu mabati. Maumivu yakija, anza la kwanza. Ukifika kwenye tundu yatakuwa yamepungua." Na kweli yalipungua, maana ndivyo uchungu ulivyo, unakuja na kuondoka. Ila ukiwa unahesabu unaona kama wewe ndiye umeufukuza. Ikafika mahali Nesi anasema tu, "Bado bati moja," na mtu anajikaza.

Yalikuwapo mengine mengi. Lilikuwapo "Usiangalie mlango", la mwanamke mmoja aliyeng'amua katikati ya uchungu kwamba alikuwa anamngoja mtu aingie kumfanyia ile kazi, na mtu huyo hayupo. Lilikuwapo "Mtukane, atasamehe", ambalo waume waliolisikia kutoka kisimani hawakulipenda. Msichana mmoja mdogo wa umri hakuwa na neno kabisa. Alikuwa ameguna wimbo mmoja wa kutwangia, bila maneno, mwanzo mpaka mwisho. Nesi hakumlazimisha. Aliushika mguno ule ule, akawa anawagunia wengine, japo sauti yake ilikuwa kama ya mlango usiotiwa mafuta.

Maneno yale hayakukaa zahanati. Yalitoka na sisi, mgongoni pamoja na watoto. Msimu wa korosho unainama tangu alfajiri, kiuno kinakuwa si chako, na kutoka mkorosho wa pili unasikia mtu anasema, "Bado bati moja, wifi," unacheka, unasogea mti unaofuata. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe akaachiwa shamba na watoto watano, ndugu zake wa Dar wakimwambia leo tunakuja kesho tunakuja, aliamka siku moja akajisemea usiangalie mlango, akachukua jembe. Alinihadithia mwenyewe. Hakujua neno hilo ni la nani, nami sikujua. Lilimtosha.

Kituko kilikuja pikipiki zilipoingia. Kijana mmoja wa bodaboda, aendaye Lindi mjini na kurudi, aliandikisha nyuma ya pikipiki yake kwa rangi nyekundu, BADO BATI MOJA. Alikuwa amelisikia kwa mama yake tangu utotoni. Tulipomuuliza maana yake alitueleza kwa kirefu, kwamba mtu anajenga nyumba, anaezeka, amebakiza bati moja tu, asikate tamaa. Tulimshukuru kwa mafunzo. Kila akipita tulikuwa tunashikana mabega, na mpaka leo hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia pikipiki yake imebeba nini.

Halafu wakaja mafundi kuweka dari. Dari nzuri, nyeupe, tuliisubiri miaka, na Nesi ndiye aliyeiomba kwenye kila kikao. Wiki hiyo hiyo akaja mzazi wa kwanza, binti wa yule mama wa mabati, aliyeelekezwa na mama yake tangu nyumbani. Akalala, akatazama juu, akakuta peupe. Wanasema alipiga kelele si za uchungu, bali za mtu aliyeibiwa. Kesho yake Nesi alipanda juu ya kitanda na raba zake, akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mistari kumi na mitatu kwenye dari mpya, na kwenye nafasi ya kumi na nne akaweka nukta. Baadaye alikuja mkaguzi, akauliza mistari ile ni ya nini. Nesi akajibu, "Mabati." Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka.

Nisije nikamfanya malaika. Aliogopa sindano. Mwanamke aliyetuchoma sisi wote na watoto wetu, siku alipougua malaria kali alijificha jikoni kwake mganga wa zahanati alipomjia na bomba la sindano. Alikuwa na kisirani cha asubuhi, usimsalimie kabla hajanywa chai. Na jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: yeye aliyebeba maneno ya watu wote, mwenyewe hakutaka kuambiwa neno. Alipofiwa na kaka yake tulikwenda kumpa pole, tumejipanga, kila mmoja na neno lake. Alitutazama akasema, "Kaeni tu." Tukakaa. Tulikaa mpaka adhuhuri bila mtu kufungua mdomo, halafu akainuka kutupikia ugali, na ulikuwa ugali mbaya, wenye madonge, tukaumaliza.

Nimeyasema ya wenzangu yote. Na langu je?

Kwa mimba yangu ya kwanza niliingia leba asubuhi moja mikorosho ikiwa imechanua. Nilikwenda kwa miguu na shangazi yangu, na beseni la nguo za mtoto kichwani kwake. Nesi alinipa mabati, akanipa mlango, na mabati nikayahesabu mara nyingi kuliko mtu yeyote, nadhani. Mtoto alitoka, msichana, na hakulia. Nesi alimshughulikia kwa mdomo na mikono muda mrefu. Nakumbuka jogoo alikuwa anawika uani kama siku ya kawaida. Nakumbuka nilikasirishwa na jogoo huyo. Baada ya hapo sina kitu. Kumbukumbu inayofuata niko kitandani nyumbani, mkono wa shangazi uko kwenye paji langu. Jinsi nilivyotoka zahanati siijui, imekatika kama uzi.

Mume wangu alikuwa amekwisha kuleta ndoo mbili. Hakuna aliyemwambia kitu, akaenda tena. Akaleta mbili, na mbili nyingine, akajaza ndoo, akajaza sufuria, akajaza pipa mpaka likafurika, na aliendelea kuchota mpaka mzee mmoja alipomfuata kisimani akamshika mkono.

Siku ya tatu Nesi alikuja kunitazama. Alinikagua, akanipa dawa, akanifunga kifua ili maziwa yakauke. Nilimsubiri. Nilisubiri avute kigoda aniulize, unamwachia neno gani mwenzio. Hakuuliza. Alifunga mkoba wake akaaga.

Hilo liliniuma, na nasema wazi kwamba liliniuma miaka mingi kuliko nilivyopenda kukiri. Nilijiambia, kumbe mimi sikuzaa. Kumbe nilikwenda pale kuchafua shuka tu. Uchungu wangu ulikuwa uchungu wa mtu yeyote, mabati niliyahesabu kwa mdomo wangu, lakini mimi neno langu halikuhitajika. Sikumwambia mtu. Tukahamia Mtanda, Lindi mjini, mume wangu akapata kibarua, nikafungua kiduka cha sukari na sabuni. Watoto wangu wawili wa kiume nimewazaa Lindi, ambako hakuna anayemuuliza mtu neno. Wanakupa kadi yako unakwenda.

Kabla ya hao wawili, miaka miwili baada ya msiba wangu, wifi yangu naye alimpoteza mtoto wake, kitanda kile kile. Nilikwenda Kilangala kumpa pole nikiogopa nitamkutaje. Nilimkuta uani anafagia.

"Wifi, si ulale," nilimwambia.

"Nitalala," akasema. "Nesi ameniambia kuna mwanamke alilala pale, mtoto wake naye hakulia. Yule mwanamke akasema, nifunge kanga nitoke kwa miguu yangu. Basi tangu jana nalisema hilo tu. Nafunga kanga, nakwenda mpaka mlangoni. Nafunga kanga, nakwenda mpaka chooni. Leo nimefika uani."

Nilimwonea wivu mwanamke yule. Ndiyo, wivu. Nilimtengeneza kichwani: mrefu, mweusi tii, labda wa upande wa Machinga, mtu wa kutembea shingo juu. Nilijisemea, huyo ndiye aliyeulizwa. Lakini neno lake nililichukua, maana neno zuri halimchagui mtu. Niliposhika mimba ya pili na hofu ikanilaza wiki nzima, nilifunga kanga nikatoka kwa miguu yangu. Nilipomzika mama yangu, hivyo hivyo. Mume wangu alipougua mapafu na duka likabaki juu yangu, kila asubuhi nilisimama katikati ya chumba, nikakaza fundo kiunoni, nikalitamka, ndipo nikafungua mlango. Zaidi ya miaka ishirini nimeishi kwa neno la mwanamke nisiyemjua, na mara nyingine nilimwombea dua.

Mwaka jana, baada ya Idi, mteja mmoja aliniambia Nesi amestaafu na yuko hapa hapa Mtanda kwa mpwa wake, mitaa mitatu kutoka kwangu, miguu imemvimba hatoki ndani. Nilichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, maana najua kwao milimani wanaipenda, nikaenda.

Nilimkuta ameketi kitandani, miguu juu ya mto, amepungua, raba nyeupe ziko chini ya kitanda zimepakwa chaki. Sijui alikuwa anazipaka za nini.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni duka hilo, Nesi. Nakaa tu."

Alinitazama vizuri. "Wewe ni yule wa mume wa maji. Pipa lilifurika mpaka kwenye mawe. Hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

Tulimenya ming'oko. Alinieleza habari za dari, nikamweleza ya bodaboda, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikaona siku zimebaki chache za kuuliza, kwake na kwangu. Nikamwambia, "Nesi, mbona mimi hukuniuliza neno?"

Hakuacha kumenya. "Ningekuuliza mara ya pili kwa nini?"

"Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

"Hukuulizwa. Ulilitoa mwenyewe." Akaweka ganda kwenye sahani. "Wajomba zako walikuwa wamesimama mlangoni na kitanda cha kamba, wamekuja kukubeba. Ukawaambia wakirudishe. Ukaniambia, nifunge kanga, Nesi, nitoke kwa miguu yangu. Nikakufunga. Shangazi yako akabeba beseni, wewe ukatangulia. Hukumbuki?"

Nililia pale pale na ming'oko mkononi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikalia kama siku ile nilivyopaswa kulia. Nesi alikaa tu, kama alivyotufundisha.

Nilipotulia nikamuuliza, "Uliwapa wangapi?"

"Mimi sihesabu. Wewe ndiye wa kuhesabu mabati. Niliwapa wale waliorudi na beseni la nguo zisizovaliwa. Hao tu. Kwa wale sikuwa na neno jingine."

"Na mbona hukuniambia?"

"Neno likipewa jina, watu wanamtazama mtu. Wangesema, aa, yule wa mume wa maji, mbona anagombana na wifi yake, mbona hivi mbona vile. Likienda peke yake linafika mbali. Na wewe lilikufika?"

"Lilinifika, Nesi."

"Basi."

"Mbona leo umeniambia?"

"Nimestaafu," akasema.

Nilipoaga alitaka kunisindikiza. Mpwa wake alikuja mbio kutoka jikoni, "Mama mdogo, kaa, daktari amesema miguu," lakini Nesi alikwisha kuishusha chini, mmoja, halafu wa pili. Alisimama akishika ukingo wa dirisha. Kanga yake ilikuwa imelegea.

"Wewe," akaniambia, "njoo."

Nilipiga magoti, nikaizungusha kiunoni kwake, nikakunja pembe na kuipitisha chini mara mbili, namna ambayo sikuwahi kuifunga kanga yangu mwenyewe hata siku moja. Vidole vyangu viliijua, tangu siku ile aliponifunga yeye. Alitazama fundo, akaliridhia, akaachia dirisha.

Nikasogea pembeni ya mlango, nikampisha.